Kabla ya Kununua Mfuko wa Mbolea, Ulizeni Kikonyo

Maneno niliyowaambia wakulima wa zabibu wa Hombolo, Dodoma, kuhusu kupima kikonyo, kile kijiti cha jani, ili kujua mzabibu una njaa ya nini; nikayaandika kwa ajili ya wenzao ambao siku hiyo hawakufika.

Mbukwenyi!

Wazee wangu, mama zangu, vijana wa mashamba ya zabibu, sitaanza na maneno mengi maana jua la Hombolo halimsubiri mtu. Nimekuja na majani mawili. Naomba yapite mikononi mwenu, tuanze na wazee hapa mbele, kila mmoja ayaangalie vizuri kisha ampe jirani yake.

Yote mawili ni majani ya Makutupora Red, aina yetu ya zabibu nyekundu. Yote nimeyachuma katikati ya tawi, si kileleni wala si chini kabisa. Yote yameungua kingoni: pembeni kuna ukavu wa rangi ya kahawia, ukiugusa unavunjika kama karatasi iliyosogezwa karibu na moto, ukiingia ndani kidogo kuna unjano, kisha kijani. Sasa niambieni, lipi linaumwa nini?

Nasikia "potasiamu". Nasikia "ukame". Mzee pale nyuma anasema "ukungu". Wala simlaumu yeyote, maana macho yetu sote yanaona kitu kimoja. Jani la kwanza limetoka kwenye mzabibu wenye njaa ya potasiamu. La pili limetoka kwenye mzabibu ulioshiba potasiamu, ila umenyweshwa maji ya chumvi miaka mingi mpaka kloraidi imejaa kwenye majani. Mkiyachanganya hapa mezani, hata mimi niliyeyachuma siwezi kuapa lipi ni lipi. Ndiyo maana nimeyaandika namba kwa nyuma.

Nayasema haya kwa uchungu, kwa sababu kosa la kuamini macho nimelifanya mwenyewe, tena kwenye shamba la mjomba wangu.

Mjomba ana ekari moja na nusu upande wa Mvumi. Mwaka ule nilikuwa nimetoka chuoni na cheti kipya. Akaniita nikaangalie mizabibu yake. Nikaona kingo zimeungua, nikakumbuka picha ya darasani, nikamwambia bila kusita: Mjomba, hii ni potasiamu. Akauza mbuzi wawili. Tukanunua MOP, ile mbolea ya chengachenga nyekundu ambayo wengi wenu mnaijua, tukaifukia shina kwa shina, siku mbili tumeinama. Msimu uliofuata majani yakaungua zaidi. Nikamwambia huenda haikutosha. Akaongeza. Mizabibu ikaanza kupukutisha majani kabla vishada havijaiva, na zabibu zikabaki chachu mpaka mnunuzi akazikataa.

Ndipo nilipofanya nililopaswa kulifanya siku ya kwanza. Nikachuma vikonyo vya majani, nikavipeleka maabara. Majibu yalipotoka nilikaa nayo juu ya pikipiki muda mrefu kabla sijawasha kwenda kwa mjomba. Potasiamu ilikuwa zaidi ya asilimia 2, ya kutosha na kubaki. Kloraidi ilikuwa imepita asilimia 1, na hapo mzabibu huwa umekwisha kuanza kuumia. Sasa MOP ni potasiamu na kloraidi zimeshikana, na karibu nusu ya uzito wa mfuko ule ni kloraidi. Mbuzi wa mjomba waligeuka chumvi juu ya chumvi.

Nilipomaliza kumweleza, mjomba alinyamaza, akachuma jani moja, akakishika kile kijiti chake kwa vidole viwili. Akaniuliza: "Kwa hiyo hiki kilikuwa kinajua muda wote?"

Ndiyo, kilikuwa kinajua. Na hilo ndilo lililonileta kwenu leo.

Kikonyo ni kile kijiti kinacholishika jani kwenye tawi. Kila kinachopanda kutoka mizizini kwenda kwenye jani lazima kipite hapo. Ukikikausha, ukakisaga, ukakipima, unapata habari ya kile ambacho mzabibu umefanikiwa kukichukua siku zile. Usichanganye na kile ulichomwaga shambani. Mkulima anaweza kumwaga mifuko mitano na mzabibu ukala kijiko.

Wengine mtaniuliza, kwani kupima udongo hakutoshi? Kupima udongo ni jambo jema, na kabla ya kupanda shamba jipya ni lazima, maana hapo ndipo unapojua kama udongo ni mchachu au wa magadi, chumvi iliyomo, na kama pana haja ya samadi nyingi. Lakini udongo unakuambia kilichomo ghalani, wakati kikonyo kinakuambia kilichofika mdomoni. Na baina ya ghala na mdomo, hapa kwetu Dodoma, pana safari ndefu. Sisi tunapata mvua ya msimu mmoja, kuanzia Desemba mpaka Aprili, kwa kawaida kati ya milimita 500 na 600 hivi, baada ya hapo ni kumwagilia tu. Udongo ukikauka, potasiamu haisogei kuifuata mizizi hata kama imejaa tele. Penye magadi, zinki na chuma hufungwa mle mle ardhini, mzabibu unavipita kama mtu anayepita mbele ya duka lililofungwa. Ukizidisha potasiamu, inashindana na magnesi mlangoni na magnesi inabaki nje. Halafu mzabibu wenyewe mizizi yake inashuka mita kadhaa, wakati sisi sampuli ya udongo tunaichukua pale jembe linapofika. Ni kama kupima kina cha kisima kwa kamba ya ndoo ya nyumbani.

Jambo hili si geni duniani, na ninapenda mjue kwamba mzabibu ni miongoni mwa mimea ya kwanza kabisa kuulizwa kwa njia hii. Miaka ya 1920, kule Montpellier kusini mwa Ufaransa, Henri Lagatu na Louis Maume walikuwa wakichuma majani ya mizabibu kwa vipindi na kuyapima, wakaiita kazi hiyo uchunguzi wa jani. Baadaye wataalamu wa California wakaona kwamba kwa mambo mengi kikonyo peke yake kinasema wazi zaidi kuliko jani zima, wakatengeneza viwango ambavyo mpaka leo maabara nyingi hutumia. Nitavirudia hivyo viwango, maana nina neno navyo.

Kwanza tushike namna ya kuchuma, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Maabara inapima ulichoileta. Ukileta takataka, itakupimia takataka kwa usahihi mkubwa.

Wakati wa kuchuma ni pale mizabibu inapochanua. Kwetu sisi hatuna baridi ya kuulaza mzabibu, unaamshwa na mkasi, kwa hiyo msihesabu miezi ya kalenda, hesabuni kuanzia siku ya kupogoa. Kwa kawaida maua huja mwezi mmoja hadi mwezi na nusu baada ya kupogoa, ikitegemea aina na joto. Angalieni kishada cha maua: kila ua dogo lina kofia ndogo ya kijani. Kofia zinapoanza kudondoka, ukikitikisa kishada zinakuangukia kiganjani kama pumba za mtama. Theluthi mbili zikishadondoka, siku ndiyo hiyo. Ukichelewa wiki mbili umeshapima kitu kingine, kwa sababu kiasi cha virutubisho ndani ya kikonyo hubadilika haraka sana kipindi hicho, hasa naitrojeni.

Jani la kuchuma ni lile linalotazamana na kishada cha kwanza kutoka chini ya tawi. Njooni karibu, tawi hili hapa. Hiki kishada cha kwanza, na upande wa pili wa pingili hiyo hiyo, jani hili hapa. Nalivunja pamoja na kikonyo chake. Sasa, hapo hapo shambani, bila kungoja kufika nyumbani, ninatenga ubapa, ile sehemu pana ya jani, na kikonyo: ninashika ubapa mkono huu, ninakata kwa ukucha pale vinapokutana. Ubapa ninautupa chini. Mkiviacha pamoja hata saa chache, jani linaendelea kunyonya kutoka kwenye kikonyo, na mtakuwa mmeharibu ushahidi.

Kimoja hakitoshi. Kwa eneo moja chumeni vikonyo kati ya 75 na 100, mzabibu mmoja kikonyo kimoja au viwili, mkitembea kwa kukatiza safu kwa kona kona mpaka mmelipita eneo lote. Acheni safu za pembezoni zinazokula vumbi la barabara. Acheni mzabibu ulio karibu na zizi, na ule ulio karibu na mahali pa kuchomea matawi.

Mama hapa mbele ananiuliza: nikiwa na kona inayoumwa, si nichume ile tu? Umeuliza vizuri sana, mama. Chuma ile kona inayoumwa, uweke kwenye bahasha yake. Kisha nenda kwenye kona iliyo nzuri, ya aina ile ile ya zabibu, umri ule ule, siku ile ile, uchume bahasha ya pili. Ukivichanganya utapata wastani wa mgonjwa na mzima, na wastani huo hauishi shambani kwako. Ukivitenga, zile bahasha mbili zitazungumza zenyewe: pale ambapo namba zinaachana sana, ndipo tatizo lilipo. Mimi nikiambiwa nichague kati ya vitabu vyote vya viwango na hizo bahasha mbili, nitachukua bahasha.

Msichume baada ya kupulizia dawa. Hili naomba mlisikie vizuri. Wengi wenu mnapulizia dawa ya mankozebu kuzuia ubwiri, ule ugonjwa wa ukungu. Mankozebu ina zinki na manganizi ndani yake. Ukichuma kikonyo chenye mabaki ya dawa hiyo, maabara itakuambia zinki ipo nyingi, nawe utaenda kulala ukiwa na furaha, kumbe mzabibu una njaa na zinki iliyopimwa ni ile ya nje. Vivyo hivyo dawa za kopa, yaani shaba. Panga ratiba: chuma kwanza, pulizia baadaye.

Bahasha ziwe za kaki au za karatasi yoyote isiyo na nta. Mfuko wa plastiki unavundisha. Ukifika maabara ni uji. Na jamani, tusitumie karatasi iliyokatwa kutoka kwenye mfuko wa mbolea. Andika kwa penseli, wino hutawanyika ukilowa: jina la shamba, aina ya zabibu, tarehe, sehemu iliyochumwa, nzuri au mbaya. Anika bahasha kivulini penye upepo, midomo wazi. Zikishakauka hazina haraka tena, zinasafiri kwa basi kama kifurushi kingine chochote mpaka Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine, au Tanga kwa wenzetu wa TARI Mlingano, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania. Kabla ya kutuma pigeni simu, muulize wanapima nini kwa sasa na kwa bei gani, na muwaambie kabisa kwamba mnataka vikonyo vya zabibu vipimwe potasiamu, magnesi, fosforasi, zinki, boroni, na kwa mashamba yenye maji ya chumvi, sodiamu na kloraidi. Usipoisema kloraidi haitapimwa, nawe utarudi kule kule kwa mjomba wangu.

Sasa majibu yamekuja. Karatasi ina namba. Tunafanyaje?

Viwango vile vya California, kwa vikonyo vya wakati wa maua, vinasema hivi: potasiamu ikiwa chini ya asilimia 1 mzabibu una njaa, ikipita asilimia 1.5 umeshiba, katikati hapo uangaliwe. Zinki ikiwa chini ya miligramu 15 kwa kila kilo ya vikonyo vikavu kuna upungufu, ikipita 26 inatosha. Boroni ikiwa chini ya 25 ni njaa, ikipita 30 ni salama, na ikipita 100 ni hatari. Tazameni boroni ilivyo na uwanja mwembamba. Potasiamu ukikosea kwa mkono mmoja unaweza kusamehewa, boroni ukikosea kwa kijiko cha chakula unaweza kuuunguza mzabibu. Mtu yeyote asiweke boroni bila kupima. Yeyote.

Neno langu kuhusu viwango hivyo ni hili. Vilitengenezwa hasa kwa Thompson Seedless, zabibu ya kukaushia isiyo na mbegu, kwenye nchi ambako mzabibu unalala miezi ya baridi na kuvunwa mara moja kwa mwaka. Sisi tuna Makutupora Red na Chenin Blanc, mzabibu wetu haulali, na tunavuna mara mbili. Aina moja hutofautiana na nyingine, hasa kwenye naitrojeni, hata zikiwa shamba moja. Kwa hiyo vitumieni kama mtu anayetumia saa ya jirani: inakusaidia kujua kama ni asubuhi au mchana, ila basi lako lisikuache kwa sababu yake. Waswahili walishasema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Viwango vya Dodoma vitatoka Dodoma, kwenye bahasha zenu, au havitatoka.

Nirudi kwenye kusoma karatasi. Msisome namba moja peke yake. Ukiwa na gunia la unga na ukuni mmoja, ugali utakaopikika ni wa ukuni mmoja; kuongeza gunia la pili hakusaidii. Mzabibu uliokosa zinki, hata ukiumwagia urea, utakula kwa kipimo cha zinki. Na tena mzabibu uliodumaa kwa ajili ya zinki unaweza kuonyesha naitrojeni nyingi kwenye kikonyo, kwa sababu inaingia na haina pa kwenda. Mkulima akaona naitrojeni ipo juu akafurahi! Ndiyo maana nasema karatasi isomwe shambani, umesimama kwenye safu ile ile iliyochumwa, macho yakitazama na karatasi mkononi.

Zinki mnaweza kuitambua pia kwa kishada. Punje kubwa na punje ndogo kama pilipili manga zimekaa kwenye kishada kimoja, majani madogo, matawi mafupi yaliyosongamana. Lakini boroni nayo hufanya punje ndogo. Na maua yakipigwa na upepo mkavu na joto kali, punje nazo zinaharibika. Mnaona? Tumerudi kwenye majani mawili yale yale. Jicho linakupa orodha ya watuhumiwa, kikonyo kinakusaidia kumkamata aliyehusika. Ikithibitika ni zinki, hapa kwetu penye magadi kuifukia ardhini ni kuizika. Pulizia majani wiki mbili kabla ya maua mpaka yanapofunguka, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kifungashio.

Naitrojeni naomba niizungumzie kwa ukali kidogo. Tumezoea kuamini kwamba kijani ni afya. Shamba la zabibu lililolishwa urea kupita kiasi linapendeza mno kwa mbali: majani mapana, matawi yanatambaa mpaka safu ya pili. Ingia ndani. Kuna giza. Upepo haupiti, ubwiri unajificha humo, vishada havioni jua, sukari haipandi. Halafu unafika kwa mnunuzi, anatia tone moja kwenye kile kipima sukari, anatikisa kichwa. Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni. Ukishamwaga hairudi mfukoni. Nimeona familia zinazokopa kununua urea ya kuongeza kivuli juu ya zabibu zao. Pesa hiyo ingekuwa ada ya mtoto.

Ila na upungufu nao upo, nisieleweke vibaya. Udongo wetu wa kichanga hauna naitrojeni nyingi, na wale mnaosindika mchuzi wa zabibu, ile juisi ya kutengenezea mvinyo, mnajua kwamba mchuzi uliotoka kwenye mizabibu yenye njaa ya naitrojeni unachacha kwa shida, hamira inachoka katikati ya safari. Kupima kunawalinda pande zote mbili.

Sasa potasiamu, kwa sababu hii ndiyo ambayo zabibu huibeba kwa wingi na kuondoka nayo. Kila tani ya zabibu inayotoka shambani kwako huondoka na karibu kilo 2 na nusu za potasiamu. Mwenye kuvuna tani 8 kwa mwaka, mavuno mawili yakijumlishwa, ametoa kilo 20. Hiyo ni sawa na mfuko mzima wa kilo 50 wa SOP, ile potasiamu isiyo na kloraidi. Kila mwaka mfuko mmoja unapanda kwenye kreti na kuondoka, na wengi wetu hatujawahi kurudisha hata nusu. Udongo unavumilia miaka, kisha siku moja unanyamaza. Kwa hiyo kwenye mizabibu inayobeba sana, chumeni tena mara ya pili pale zabibu zinapoanza kubadili rangi. Safari hii si jani la kwenye kishada, bali jani changa lililokwisha kukomaa, la tano hadi la saba ukihesabu kutoka kileleni. Mzabibu uliokuwa na potasiamu ya wastani wakati wa maua unaweza kuwa na njaa kabisa wakati vishada vinaivuta kujaza punje.

Na yale matawi mnayopogoa, nayo yana potasiamu. Wengi tunayakusanya kwenye kona tunayachoma. Najua sababu, mchwa wanawasumbua, na matawi yenye ugonjwa kweli yachomwe. Lakini potasiamu yote ya shamba inabaki kwenye majivu ya kona moja. Tawanyeni majivu hayo kidogo kidogo shamba zima, isipokuwa wenye udongo wa magadi, maana majivu huongeza magadi.

Mnaweza kuniuliza mjomba aliishia wapi. Aliacha MOP siku ile ile. Kabla ya mvua tukachimba mabeseni kuzunguka kila shina, maji ya mvua yatuame na kuisukuma chumvi chini ya mizizi. Tukaweka samadi iliyooza vizuri. Kiangazi akawa anamwagilia kwa nadra lakini kwa maji mengi, badala ya kidogo kidogo kila siku, kwa sababu kidogo kidogo huacha chumvi juu. Mwaka wa kwanza kikonyo kilionyesha kloraidi imeshuka kidogo sana, nikaogopa. Mwaka wa pili ikashuka vizuri, na majani ya katikati ya tawi yakabaki mazima mpaka mavuno. Bila namba ile ndogo ya mwaka wa kwanza tungekata tamaa, kwa macho palikuwa hapana tofauti yoyote.

Ninachowaomba ni hiki. Gharama ya kupima kwa mtu mmoja inauma, kwa kikundi haiumi. Jigaweni kumi kumi, wale ambao mashamba yenu yanapakana na udongo wenu unafanana. Kila kumi watoe bahasha nne: mbili za mizabibu mizuri, mbili za mizabibu inayosumbua. Gharama mchange, majibu mgawane. Na kila kikundi kiwe na daftari, ngumu, la kurasa nyingi, anayetunza awe mtu asiyehamahama. Humo muandike tarehe ya kupogoa, tarehe ya kuchuma, mbolea iliyowekwa na kiasi chake, majibu ya maabara, kilo zilizovunwa, na sukari aliyoisoma mnunuzi. Misimu sita tu, ambayo kwetu ni miaka mitatu, mtakuwa na viwango vya Makutupora Red ya Hombolo. TARI Makutupora hawako mbali nanyi, na watafiti hawana kitu wanachokipenda kama daftari la namna hiyo, lililotunzwa na mkulima mwenyewe.

Waliopogoa mwanzoni mwa mwezi uliopita, maua yenu yako karibu. Tukubaliane Jumatano ijayo, saa moja asubuhi, kabla jua halijachoma na kabla mtu yeyote hajapulizia. Tukutane shambani kwa mama huyu aliyeuliza swali, amekubali. Kila kikundi kije na bahasha nne za kaki, penseli na daftari jipya. Kuchuma hamtafundishwa na mimi. Nimemwomba mjomba aje kutoka Mvumi, na daftari lake lenye majibu yote tangu karatasi ile ya kwanza. Yeye huvunja kikonyo vizuri kuliko mimi, na yale ya mbuzi wawili atawaeleza mwenyewe.